Watu wa Kijiji cha Mwisho

Ripoti ya wilaya ilikuwa na kurasa tisini na sita, na katika kurasa zote hizo kulikuwa na sentensi moja tu ambayo Bi Takwimu aliitunga kichwani mwake bila kwenda kuona. Ilikaa ukurasa wa arobaini na moja, chini ya jedwali la kata ya kusini, nayo ilisema: "Upungufu huu umetokana na vijana wengi kuhamia mjini." Maneno manane. Aliyaandika jioni moja, ofisi imeshabaki tupu, mlinzi anagonganisha funguo mlangoni, naye anataka kwenda nyumbani kama watu wengine.

Jina la Bi Takwimu alipewa na wenzake ofisini, akalizoea mpaka akawa analiitikia. Kazi ya kuhesabu watu wa wilaya aliifanya mwaka wa kumi na nne sasa. Wilaya yenyewe aliijua kama kiganja chake: vilima upande wa jua kuchomoza, msitu kaskazini, tambarare katikati, na kusini mto uliowagawa na wilaya ya jirani. Kata kumi na tatu, vijiji arobaini na vinane, watu laki moja sitini na kitu. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza kijiji gani kina visima vingapi, angekujibu bila kufumbua macho. Ila aliijua zaidi kwa karatasi kuliko kwa miguu, na hilo ndilo lililomponza.

Kijiji cha arobaini na nane, huko kusini kabisa mtoni, watu wa ofisini walikiita Kijiji cha Mwisho, kwa kuwa kila orodha iliishia nacho. Wenyeji hawakulipenda jina hilo. "Mwisho kwa nani?" waliuliza. "Ukitokea kwa jirani, sisi ndio wa kwanza." Kijiji hicho, katika hesabu ya miaka kumi iliyopita, kilikuwa na watu elfu moja mia nane na sabini. Safari hii makarani walirudi na watu mia sita na arobaini. Bi Takwimu aliitazama namba hiyo, akakunja uso, kisha akaitafutia maelezo. Ndipo yalipozaliwa yale maneno manane.

Maneno yakisha kupigwa chapa huwa hayana baba tena. Miezi mitano baadaye kamati ya afya ilikaa, ikaisoma ripoti, ikaona kijiji kimepukutika, ikapendekeza zahanati yake ifungwe mwisho wa mwezi, na vitanda, mizani na jokofu la chanjo vipelekwe kwenye kijiji kikubwa zaidi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ileile: vijana wamehamia mjini. Hata Mkurugenzi aliisema kikaoni kama mtu aliyewaona wakipanda gari.

Nesi wa zahanati hiyo alikuwa mdogo wake Bi Takwimu, wa tumbo moja.

Simu iliita Jumatatu asubuhi, Bi Takwimu akiwa ndio kwanza anavuta kiti.

"Dada, hujambo."

"Sijambo, mdogo wangu. Za huko?"

"Za huku unazo wewe, umeziandika. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Wewe unajua kuhesabu?"

Mdogo wake hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akikasirika alizidi kuwa mpole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Barua imefika," Nesi aliendelea. "Tuko mia sita na arobaini, sivyo? Sasa nina rejesta mbele yangu. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaopimwa uzito hapa ni mia tatu na kumi na wawili. Basi nusu ya kijiji hiki ni watoto wa kubebwa mgongoni. Nani anawabeba?"

"Labda..."

"Usiniletee labda, dada. Labda ndiyo iliyotufikisha hapa." Akakata.

Bi Takwimu akaweka simu mezani. Hesabu ya mdogo wake ilikuwa rahisi kiasi cha kumtia aibu. Ingetosha yeye mwenyewe kuifanya kwenye kona ya karatasi. Akainuka, akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alimsikiliza huku akisaini mafaili. "Kikao cha kupitisha ni Ijumaa," alisema. "Ukija na namba nyingine, uje na sababu ya kweli. Na jambo jingine, Bi Takwimu. Nesi wa pale ni ndugu yako. Mimi sina neno, lakini watu wana midomo."

"Najua, mkuu."

"Basi nenda ukaone. Chukua na Mzee Ramani. Yeye hana dada huko."

Mzee Ramani alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Ile ramani kubwa ukutani, iliyokuwa kitu cha kwanza kukutana nacho ukiingia ofisini, aliichora kwa mkono wake miaka ishirini na mbili iliyopita, na tangu hapo alikuwa haruhusu mtu kuichomekea hata pini. Alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kukataa jambo, hivyo wenzake walikuwa wanapata jibu kabla halijatoka.

"Nitakwenda," alisema, bila kukohoa. "Lakini mkitafuta kosa, mlitafute kwenye hesabu. Ramani yangu muiache."

Waliondoka Jumanne alfajiri kwa gari la ofisi, wakafika saa nne. Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, kuta nyeupe mpaka kiunoni na bluu kuanzia hapo kwenda juu, na kibarazani mabenchi mawili yamejaa akina mama na watoto. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti. Kitoto kimoja kilichokuwa kinapimwa kilikuwa kikipiga mateke hewani kama mtu anayeogelea. Nesi aliwaona, akamalizana kwanza na yule mtoto, akaandika uzito wake, ndipo akanawa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa dada yake alisema tu, "Karibu," kama anavyokaribishwa mkaguzi.

Kwa mazoea, Bi Takwimu alikwishahesabu mabenchi: akina mama ishirini na sita. Akamwinamia wa kwanza. "Mama, umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

Wa pili akasema ng'ambo. Wa tatu vilevile. Katika wale ishirini na sita, kumi na tisa walikuwa wametoka ng'ambo ya mto.

Bi Takwimu akainuka. Kumbe ndio hivyo. Ng'ambo ya mto ilikuwa wilaya ya jirani. Mdogo wake alikuwa anahudumia watoto wa watu wengine, kwa roho nzuri tu, na rejesta ikanenepa kwa watu wasiohusika. Mia sita na arobaini ilikuwa kweli. Zahanati ingefungwa, na ni yeye ambaye angepaswa kumweleza.

Akamvuta Nesi ndani, kwenye chumba cha dawa. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Hawa wa ng'ambo si wa kwetu. Mto ndio mpaka."

Nesi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba yeye si yeye. "Si wa kwetu? Nusu ya hao nimewazalisha mimi. Wanapiga kura hapa. Watoto wao wanasoma shule hii hapa nyuma. Dada, ulipowahesabu hawa watu ulikuwa umekaa wapi?"

Bi Takwimu aliinamisha macho kwenye viatu vyake.

"Vua hivyo viatu vya ofisini," Nesi akasema. "Twendeni mkaone."

Alimwachia msaidizi wake mizani, wakashika njia. Hawakutembea hata robo saa wakafika mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yenye upana wa kama hatua thelathini, na juu yake magogo matatu yamefungwa pamoja kwa kamba, na waya wa kushikilia upande mmoja. Mzee Ramani alitoa mkobani nakala ya ramani yake na kile kifaa cha kusoma mahali ulipo. Akatazama kifaa, akatazama ramani, akatazama maji. Akakohoa.

"Mto huu haupo," alisema.

Nesi, aliyekwishatangulia kwenye magogo, akageuka. "Haupo vipi, mzee, nao umenilowesha sketi?"

"Nasema haupo mahali hapa. Hapa ni mashamba." Alionyesha kidole kwenye karatasi. "Mto uko mbele, mwendo wa nusu saa."

"Basi njooni tuvuke huu usiokuwepo, tukautafute huo mwingine."

Wakavuka, Bi Takwimu akishika waya kwa mikono miwili na kuapa kimoyomoyo hatadharau tena kazi ya makarani wake. Upande wa pili kulikuwa na nyumba. Si nyumba mbili tatu. Ni vitongoji vitatu vilivyoshikana, na njia zilizofagiwa, na duka lenye kaunta ya mbao, na fundi baiskeli aliyetandaza spana zake juu ya gunia. Juu ya kila mlango kulikuwa na namba imeandikwa kwa chaki ya bluu. Bi Takwimu aliitambua mara moja. Chaki ya makarani wa wilaya yake ilikuwa nyeupe. Bluu ilikuwa ya jirani.

Walitembea nusu saa kasoro, Mzee Ramani mbele, macho kwenye kifaa. Mara akasimama. Walikuwa wamefika kwenye bonde refu la mchanga mweusi, pana kama barabara kuu, nalo limelimwa mboga kutoka ukingo hadi ukingo.

"Hapa," alisema taratibu, "tuko majini."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa. Alikuwa mtu mzima, kanga ameifunga kiunoni, jembe dogo mkononi. Akawasalimu, na akamwuliza Nesi hali ya mjukuu wake aliyekuwa na homa. Kisha akawageukia wageni.

"Mmepoteza nini?"

"Mto, dada yangu," Mzee Ramani akamjibu.

Mwanamke hakucheka. "Ulihama. Mwaka wa saba huu. Ile mvua kubwa ilipokatika, tulikuta maji yamechoka na njia hii, yamekwenda kupasua kule, katikati ya kijiji. Sisi tukabaki huku, shule na zahanati zikabaki kule."

"Na nyinyi hamkuhama?" Bi Takwimu akauliza.

"Tuhame twende wapi? Mto ndio uliohama, mwanangu. Sisi tupo palepale."

"Na makarani wa kuhesabu watu, walifika?"

"Walifika wa kule." Alionyesha kusini kwa jembe. "Vijana wapole, walituandika vizuri tu. Tuliwaambia sisi ni watu wa wilaya ile nyingine, wakasema wameagizwa wahesabu mpaka mtoni. Wa kwenu tuliwaona pia. Walifika ukingoni, wakatazama maji, wakarudi."

Bi Takwimu hakuhitaji kuuliza kwa nini walirudi. Alikumbuka siku ya mafunzo, ukumbi umejaa vijana wenye madaftari mapya, naye amesimama mbele yao akiwaambia kwa sauti ya kujiamini: mkifika mtoni simameni, mto ndio mpaka. Vijana walitii. Ni yeye aliyewafundisha. Akakaa kwenye tuta la mchicha. Mwenye shamba akamsogezea gunia akalie, asichafue nguo.

Basi hawakufa. Hawakukimbia njaa wala hawakwenda mjini. Walikuwepo wote, na milango yao, na kuku wao, na wajukuu wenye homa. Alitaka kucheka na alitaka kulia; akaishia kupenga kamasi.

Mzee Ramani alikuwa ameshapotelea kichakani. Walimsikia akikata matawi, kisha kimya, kisha akawaita. Walimkuta amepiga magoti mbele ya kigingi cha saruji kilichofunikwa na majani, anakisugua kwa kiganja. Namba ilikuwa bado inasomeka.

"Nilikisimika mwenyewe hapa," alisema. "Wenzangu walisema kazi bure, mto upo, nani asiyeuona mto? Nikawaambia maji yana tabia zake. Tangazo la mpaka liliandikwa kwa vigingi, si kwa maji. Mpaka ni hapa, Bi Takwimu. Haukwenda kokote." Akapangusa mikono, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila mto nimeukosea. Miaka saba sikuja kuutazama. Hilo nalikubali."

Kwa Mzee Ramani kukubali jambo bila kukohoa, huo ulikuwa muujiza wa pili wa siku ile.

Kazi ilikuwa bado. Kuona watu kwa macho ni jambo moja, na kuwaingiza kwenye ripoti ni jambo jingine. Namba zao zilikuwa kwa jirani, na Bi Takwimu alijua hakuna wilaya inayoachia watu kirahisi. Watu ndio fimbo ya kudai walimu, visima na dawa. Afisa takwimu wa wilaya ya jirani alikuwa mwanamume mnene wa makamo aliyekutana naye semina mbili tatu, wakapingana zote. Jumatano nzima aliitumia kuandaa hoja: nakala ya tangazo la mpaka, picha za kigingi, rejesta ya zahanati, daftari la shule. Alhamisi asubuhi akaingia ofisini kwa yule bwana akiwa amejifunga kibwebwe, Mzee Ramani nyuma yake na bomba la ramani kwapani kama bunduki.

Yule bwana aliwakaribisha viti. Macho yalikuwa mekundu, na mezani kulikuwa na faili lililovimba.

"Nimekuja kwa ajili ya vitongoji vitatu vya kando ya mto," Bi Takwimu alianza. "Kabla hujasema lolote, naomba unisikilize mpaka mwisho."

"Vitongoji vya upande huu wa mto?" Bwana yule aliweka kalamu chini. "Watu elfu moja mia nne thelathini na mmoja?"

"Hao hao. Nina ushahidi kwamba..."

"Ni wa kwako?"

"Ni wa kwangu."

Bwana yule alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaishusha polepole mpaka kiti kikalia. Kisha akalisukuma lile faili mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Wachukue," alisema. "Nakuomba, wachukue. Makao makuu wameniandikia barua nne. Wanauliza kata yangu ya kaskazini imezaa vipi watu elfu moja na mia nne katika miaka kumi, kwenye eneo ambalo hesabu ya nyuma haikuwa na nyumba hata moja. Wanasema nimepika namba. Nimejieleza mara tatu. Miezi mitano, mama, nimelala na watu hawa kitandani. Mke wangu ameshachoka kuwasikia."

Bi Takwimu alimwangalia, hoja zake zote zimekosa kazi. Mzee Ramani ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha ndani kwa ndani cha mtu asiyezoea, halafu yule bwana, halafu yeye mwenyewe, mpaka katibu muhtasi akachungulia mlangoni kuona kulikoni. Kufikia saa sita hati ya makubaliano ilikuwa imesainiwa na kupigwa mihuri miwili. Bwana yule aliwasindikiza mpaka kwenye gari na kusimama akipunga mkono, kama mtu anayesindikiza mgeni aliyekaa sana.

Ijumaa, kikaoni, Bi Takwimu hakungoja kuulizwa.

"Kabla ya namba," alisema, "ile sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja niliitunga mimi. Sikwenda kuona. Vijana hawakuhamia mjini. Mto ulihama, na mimi ndiye niliyewaambia makarani wasiuvuke."

Kisha akaweka mezani hati, na Mzee Ramani akatandaza ramani, akaeleza kigingi baada ya kigingi. Kijiji cha Mwisho kilikuwa na watu elfu mbili na sabini na mmoja.

Mjumbe mmoja wa pembeni akanyanyua mkono. "Nesi wa pale si ndugu yake Bi Takwimu?"

"Ni mdogo wangu," alijibu. "Ndiyo maana namba hizi zimesainiwa na jirani. Kwake sina undugu, waliotuona semina wanajua."

Wachache wakacheka. Mkurugenzi alisoma hati mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo tulitaka kuondoa zahanati, kumbe kinachokosekana pale ni daraja," alisema. "Mamia ya watoto wanavushwa juu ya magogo." Akamgeukia mhandisi, akamtaka aje na makadirio kikao kijacho. Zahanati ikabaki. Bi Takwimu aliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na nne. Aliipokea, akasaini, akaona ni halali yake, na wala haikumuuma kama alivyodhani.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kumpelekea mdogo wake barua ya kamati. Nesi aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya kazini, nyuma ya zahanati. Akaisoma tena. Mabega yake, ambayo Bi Takwimu hakuwa ameona kwamba yamepanda, yakashuka.

"Namba yetu ni elfu mbili na sabini na mmoja," Nesi alisema.

"Ndiyo."

"Imeshapitwa. Alhamisi wamezaliwa mapacha."

"Nitawaandika."

"Utawaandika kesho. Dada, umejitazama kwenye kioo? Macho yameingia ndani kama ya mgonjwa. Umekula?"

"Nimekula. Sijalala tu. Wiki nzima."

Nesi alimshika mkono akamwingiza ndani, akaondoa nguo zilizokunjwa kitandani, akafunga dirisha la upande wa jua. Bi Takwimu alivua viatu. Nje kulikuwa na sauti za akina mama wakisubiri zamu, mtoto akilia kwa sababu ya sindano, mtu akiita mtu mwingine kwa jina la mzaha. Alianza kuzihesabu sauti hizo, kwa mazoea, moja, mbili, tatu, na kabla hajafika kumi usingizi ukamchukua.